Vifaa vya kujiokoa katika ndege ndogo: tunayoyajua tunaorukia Tanga

Uwanja wa ndege wa Tanga uko mahali ambapo rubani wa injini moja hubadilishiwa hatari kila baada ya dakika chache. Ukielekea mashariki, umeshaingia mkondo wa bahari wa Pemba. Ukielekea magharibi, Usambara inakukabili na misitu yake, na asubuhi nyingi mawingu yamelala juu ya vilele. Nyuma ya milima ni Mkomazi, nchi kavu. Kusini ni Pangani, halafu Saadani yenye simba, nyati na mbung'o. Mabegi ya dharura yanayouzwa tayari yamepangwa, kwa kiasi kikubwa, na watu wa nchi za theluji: ndoano za kuvulia samaki, mishumaa ya kuota moto, chakula cha siku tatu. Ukilibeba begi kama hilo kutoka Tanga umebeba uzito wa majibu ya maswali ambayo hapa hakuna anayeyauliza.

Kabla ya kununua chochote, gawa vifaa kwa mahali vitakapokaa. Kuna kilicho mwilini mwako, kuna unachokifikia kwa mkono ukiwa umefunga mkanda, na kuna kilicho nyuma kwenye mizigo. Ndege ikigonga maji huenda ikapinduka na kujaa maji, na mlango wa mizigo utakuwa chini, giza na mbali. Ikigonga mti, huenda ikawaka. Cha nyuma kihesabu kama zawadi: kikipatikana ni heri, kisipopatikana usiwe umekitegemea. Kwa hiyo kifaa kinachoamua uhai hakikai nyuma, hata kiwe kizuri na cha bei namna gani.

Na kifaa cha kwanza hakimo kwenye begi lolote. Ni mkanda wa bega. Kanuni za Marekani, ambako Cessna na Piper nyingi za hapa zilitengenezwa, zilitaka mkanda wa bega kwenye viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya Julai 18, 1978, na kwenye viti vyote kwa zilizotengenezwa baada ya Desemba 12, 1986. Ndege za zamani zaidi ya hapo bado zinaruka, na abiria wa nyuma wanafungwa kiunoni tu. Mtu aliyegonga kichwa kwenye kiti cha mbele hatavuta kamba ya jaketi la kuokolea wala hatafungua mlango. Kama una fedha ya kitu kimoja tu na ndege yako haina mikanda hiyo, mwite fundi aifunge kwa vifaa vilivyoidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege, begi lingoje.

Mkondo wa Pemba

Kati ya pwani ya bara na Pemba kuna takriban kilomita 50 za maji. Cessna 172 iliyozimika injini huteleza umbali wa karibu mara 9 ya kimo ilichopo juu ya maji, ikishikwa kwenye mwendo wa noti 65 hivi (kilomita 120 kwa saa). Ukiwa futi 5,000, yaani mita 1,524, una kilomita 13 na ushei kila upande. Kilomita 23 za katikati huna nchi kavu ya kuifikia, na kwa mwendo wa kawaida unazivuka kwa dakika saba hivi. Ukipanda futi 9,500 unafika kilomita 26 kila upande, na lile pengo, kwenye karatasi, linafungika. Kurudi, kwa kuwa unaelekea magharibi, kimo unachopewa na kanuni za kuruka kwa macho, bila kutegemea vyombo, ni futi 8,500, na pengo linabaki kilomita 3 na ushei. Kupanda huko kwenye joto la Januari na watu wanne ndani huchukua muda, na wengi huona ni kupoteza mafuta. Mimi naona ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika makala hii. Panda ukiwa bado juu ya nchi kavu, ndipo uvuke.

Hesabu hiyo haina upepo. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki, na zote mbili zina sehemu inayotoka mashariki. Maana yake Pemba mara nyingi iko upande wa upepo unaokupiga usoni, na bara liko upande unaokusukuma. Ikiwa sehemu hiyo ya upepo ni noti 15, zile kilomita 13.7 za futi 5,000 zinakuwa kama 10.5 kuelekea Pemba na karibu 17 kuelekea bara. Kwa hiyo mahali pa kubadili uamuzi, kama ni kugeuka au kuendelea, hapako katikati ya mkondo. Pako mashariki zaidi. Paweke alama kwenye GPS kabla ya kuwasha injini.

Sasa jaketi. Kiambatisho cha 6 cha kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka ndege ya injini moja inayoruka juu ya maji, mbali kuliko inavyoweza kuteleza hadi pwani, iwe na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo. "Iwe nalo" ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu jaketi lililo chini ya kiti ndani ya plastiki yake linatimiza kanuni na halimwokoi mtu. Dakika unazopata baada ya injini kuzimika ni za kuruka ndege, kutangaza dharura na kufungua milango. Hakuna nafasi ya kumvisha mtu jaketi. Juu ya maji, jaketi linavaliwa tangu ardhini.

Aina zinazouzwa ni tatu, na mbili hazifai. Jaketi la povu, lile la kwenye boti za watalii, linaelea daima. Ndege ikiwa imepinduka na kujaa maji, litakubana kwenye sakafu ambayo sasa iko juu, na mlango uko chini yako. Jaketi la mabaharia linalojijaza lenyewe likilowa ni baya zaidi, maana litavimba ukiwa bado ndani, umefungwa mkanda. La kuchagua ni la kujaza kwa mkono, la kufunga kiunoni au la kuvaa shingoni likiwa limekunjwa, lenye mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dayoksaidi, mrija wa kupuliza kwa mdomo, filimbi na taa inayowaka ikigusa maji. Ukiona mkanda wa kupita katikati ya miguu, lipe alama ya ziada, kwani jaketi lisilo nao hupanda usoni na unabaki ukipigana nalo badala ya kupumua.

Wauzaji wa boti hapa mjini wana majaketi mazuri ya kujijaza, na baadhi yanaweza kubadilishwa yawe ya mkono kwa kuondoa kile kidude kinachohisi maji. Fanya hivyo kwa kifaa cha mtengenezaji tu. Kuna wanaokifunika kwa mkanda wa gundi. Unyevu wa pwani yetu utaula mkanda huo, nawe utalijua siku isiyofaa.

Abiria wetu wengi wa Pemba huvaa baibui, kanzu au kanga. Jaketi liwe juu ya nguo zote, na mkanda wake usifunikwe na mtandio. Mwonyeshe mama kamba ya kuvuta, mshikishe kwa mkono wake mwenyewe, kisha sema kwa ufupi: "Mama, ndani ya ndege usiivute. Ukishatoka mlangoni, vuta." Mwambie airudie sentensi hiyo. Mtoto mchanga anahitaji jaketi la saizi yake, la mtu mzima humponyoka.

Wale wa Cessna 206 wana la ziada. Mlango mkubwa wa nyuma kulia hugongwa na flapi (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa zimeshushwa, na nusu yake ya mbele haifunguki zaidi ya upenyo mdogo. Watu wamezama katika ndege za aina hiyo, ndege ikiwa nzima, kwa sababu waliokaa nyuma hawakuweza kutoka. Utaratibu uko kwenye kibao mlangoni: sukuma nusu ya mbele hadi inapokwama, kisha ingiza mkono, zungusha wenzo mwekundu wa nusu ya nyuma kuelekea mbele na uisukume nje. Hilo halisomwi chini ya maji. Mwenye kiti cha karibu na mlango huo alifanye mara moja kwa mikono yake kabla ya kuondoka, flapi zikiwa chini.

Kwenye mwili wa rubani, zaidi ya jaketi, kuna kisu cha ndoano cha kukatia mkanda, siyo kisu cha ncha wazi ambacho kitakutoboa wewe au jaketi. Kifunge kifuani kwa uzi, upande ambao mkono wowote unafika. Kila mlango wa mbele ufunguliwe kabla ya kugusa maji, ubanwe na kiatu au kitabu usijifunge. Tua sambamba na mawimbi marefu, usiyakabili. Mkono mmoja ushike kitu kisichosogea, fremu ya mlango kwa mfano, na usiuachie hadi ndege itulie, kwa sababu ukiwa umepinduka ndani ya maji meusi, mkono huo ndio pekee unaojua mlango uko wapi.

Boti ya mpira ya kujaza hewa? Ya watu wanne ina kilo 10 hadi 15, ni ghali, na lazima irudi kwa wahudumu wenye idhini kwa vipindi alivyoweka mtengenezaji. Maji yetu yana nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima, kwa hiyo baridi haiui kwa dakika kama kaskazini mwa dunia. Mwenye jaketi zuri anaweza kukaa saa nyingi. Anachopoteza ni nguvu, na jua linamkaanga. Kwa anayevuka mara moja moja na watu wazima wenye afya, ningetumia fedha hiyo kwenye majaketi bora na kipashio cha setilaiti, kifaa cha kutuma ishara ya dharura kupitia setilaiti. Kwa anayevusha watoto na wazee kila wiki, boti inunuliwe, ikae juu ya kiti au miguuni mwa abiria wa mbele. Kamba yake ifungwe kwenye kitu kabla ya kuitupa nje, na isijazwe ndani hata kidogo. Ukiwa huna boti, beba kamba nyembamba ya mita 6 ya kuwaunganisha watu, maana mawimbi ya kusi yanatenganisha watu wanne kwa haraka ya kushangaza.

Ishara: nani atajua uko wapi

Kila ndege ina, au inapaswa kuwa na, ELT mkiani, yaani kipashio cha ishara ya dharura kinachojiwasha kwa kishindo. Swali la kwanza ni ya mawimbi gani. Tangu Februari 1, 2009 setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kutafuta na kuokoa, hazisikilizi tena 121.5 megahezi. ELT ya zamani ya masafa hayo pekee itasikiwa na rubani mwingine aliyefungua 121.5 karibu yako, basi. Inayotakiwa ni ya megahezi 406, na ni vizuri ikiwa imeunganishwa na GPS ya ndege ili itume mahali ilipo. Bila GPS, setilaiti hukadiria kwa hesabu, na makosa huweza kuwa kilomita kadhaa. Katika msitu wa Amani hizo kilomita ni siku nzima ya kutembea.

Kosa linaloigharimu ELT majini halijulikani sana. ELT ya 406 hutuma mlipuko mfupi wa ishara kila sekunde 50 hivi, na wa kwanza hutoka baada ya muda kama huo tangu iwashwe. Ikisubiri swichi yake ya kishindo ijiwashe wakati ndege inagonga maji, ndege inaweza kuzama kabla ya ishara ya kwanza, na mawimbi hayo hayapiti majini. Antena inayong'oka nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo usiingoje: swichi yake ndogo iko kwenye dashibodi. Injini ikizimika juu ya mkondo, ukishaishika ndege kwenye mwendo wake na kujaribu kuiwasha mara moja, iweke ON. Kutoka futi 5,000 unashuka kwa dakika kama saba, na hapo ishara kama sita au saba zimekwisha kwenda, na mahali ulipo ikiwa imeunganishwa na GPS. Ikitokea injini ikawaka tena, utaizima na kuwaeleza waongozaji wa ndege. Hakuna atakayekulaumu.

Pamoja na hayo, PLB. Hii ni ELT ya mfukoni, ya megahezi 406, inayowashwa kwa mkono na kutuma kwa saa 24 au zaidi. Ikae kwenye mfuko wa jaketi au shati, imefungwa uzi. Watu hununua PLB kwa kuamini kwamba itaelea na kufanya kazi yenyewe. Nyingi zinahitaji mkono uishike juu ya maji, antena wima, mbele ya anga wazi. Ukiiacha ining'inie kifuani majini, hutumi kitu. Zile zinazojiwasha na kuelea wima ni za meli, kubwa na nzito, usizinunue kwa ajili ya mfuko.

PLB isiyosajiliwa ni namba tu. Ndani yake huandikwa msimbo wa nchi (Tanzania ina 674 na 677), na ukiinunua dukani Dubai au Marekani itakuja na msimbo wa huko, hivyo simu ya kwanza itapigwa huko. Mwambie muuzaji aiandike upya kabla ya kuilipia, kisha isajili na namba za watu wawili wanaopokea simu usiku. Usiweke namba yako mwenyewe tu, kwa kuwa wewe ndiye utakayekuwa majini.

Vipashio vya ujumbe vya setilaiti, kama inReach inayotumia mtandao wa Iridium, ni jambo jingine. Faida yake ni maneno: "watu 3, mmoja mguu umevunjika, tuko mtoni." Pia huacha nyayo kwenye ramani, kwa hiyo hata usipowahi kubonyeza kitu, mtu nyumbani anaona ulipokuwa dakika 10 zilizopita. Hasara zake ni malipo ya kila mwezi na betri ya kuchaji. Anayeweza kununua kimoja tu, anunue PLB. Betri yake hukaa miaka bila kuguswa.

Halafu kuna watu walio karibu zaidi kuliko helikopta yoyote: wavuvi wa Moa, Tongoni, Kigombe na Pangani, na wenzao wa Pemba. Redio ya mkononi ya ndege haizungumzi nao. Boti za abiria na meli husikiliza chaneli ya 16 ya baharini, megahezi 156.8, kwa hiyo redio ya baharini inayoelea ina thamani kubwa hapa kuliko ya pili ya ndege. Leseni yake ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ngalawa nyingi hazina redio, zina macho. Kioo cha kuashiria chenye tundu la kulengea huonekana zaidi ya kilomita 15 jua likiwaka, bei yake ni ya soda kadhaa, na hakiishiwi betri. Usiku mambo hugeuka: katika usiku wa giza bahari imejaa taa za wavuvi wa dagaa, na tochi yako nyeupe isiyopepesa itaonekana kama taa nyingine ya dagaa. Beba taa ya kumweka. Na filimbi, sauti ya binadamu hukauka mapema sana.

Fataki za ishara zinaleta kibali, tarehe fupi ya kuisha, na moto ndani ya kabini yenye harufu ya petroli ya ndege. Mimi huziacha.

Mkondo wa maji wa pwani hii huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea kasi. Ukiwa kwenye maji yanayokwenda kilomita 4 kwa saa, baada ya saa tatu uko kilomita 12 kaskazini ya mahali ELT ilipozamia, pengine unaelekea Vanga. Ndiyo sababu ishara ya mwilini ni muhimu kuliko ya ndege.

Mlima, mkonge na pori

Usambara si pa kuchukuliwa kama pwani yenye miinuko. Lushoto iko karibu mita 1,400, na vilele vya magharibi vinazidi mita 2,200. Usiku wa Julai aliyelowa, aliyevaa fulana, anatetemeka hadi asubuhi. Nguo ya joto moja, koti la mvua na mfuko mkubwa wa plastiki wa kukalia ndani kwa kila mtu vinatosha. Vile vishuka vya fedha vinavyong'aa hupasuka kwenye mwiba wa kwanza, nunua vile vizito au usinunue. Viatu viwe vya kufunga kamba. Rubani wa kandambili ni jambo la kawaida pwani, na ni upuuzi.

Msitu mnene unazuia kila ishara ya macho. Moshi hupenya, ukiwa mwingi, kwa hiyo beba viberiti vya gesi viwili na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kuwashia, kwa sababu vinawaka hata vikiwa vimelowa. Majani mabichi juu ya moto mkali ndiyo yanayotoa moshi mweupe. PLB nayo hudhoofishwa na majani mazito yaliyolowa. Itafutie uwazi, hata ule ulioachwa na ndege yenyewe ilipokata miti. Ndege ikining'inia matawini, kamba ya mita 20 ya unene wa milimita 8 inaamua kama utashuka au utaruka.

Chini ya milima kuna mashamba ya mkonge, na kwa wengi wetu hayo ndiyo uwanja wa dharura wa kwanza kufikiriwa, kwa sababu ya barabara zake zilizonyooka. Ncha ya jani la mkonge inatoboa jicho na tairi. Glovu za ngozi na miwani vitakuhudumia hapo, na glovu hizohizo ndizo za kushikia bati lililochanika.

Saadani na Mkomazi, kaa na ndege. Inaonekana kutoka angani, wewe huonekani. Inakupa kivuli na milango ya kufunga usiku. Turubai la kivuli liwe la rangi ya chungwa. Turubai la buluu linaitisha mbung'o, maana mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Dawa ya malaria ya kujitibu haina kazi kwenye begi la siku tatu, kwa kuwa ugonjwa huo huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza. Dawa ya kujipaka dhidi ya mbu ina kazi, kwa sababu mtu asiyelala anaamua vibaya.

Maji ndiyo uzito usiokwepeka. Lita mbili kwa kila mtu ndani ya ndege kwa safari za pwani, nne ukivuka kwenda Mkomazi. Mtu anayetembea juani anaweza kutoa jasho karibu lita moja kwa saa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotembea. Vidonge vya klorini ni vyepesi, lakini soma karatasi yake: kidonge cha kawaida cha nyumbani cha miligramu 67 ni cha lita 20. Ukikitia kwenye chupa ya lita moja, maji yatakuwa na ukali usionyweka. Tafuta vya miligramu 8.5, kimoja kwa lita, subiri dakika 30. Chakula ni cha mwisho kabisa. Tende na kashata zinatosha, nyama ya kukausha inataka maji usiyonayo.

Damu

Huduma ya kwanza ya ndege ndogo ni ya mambo mawili, damu na mifupa, na mabegi mengi yamejaa plasta za vidole. Weka torniketi mbili za kweli, bandeji mbili za kukandamiza, shashi ya mita kadhaa ya kujaza jeraha, gango moja la bati jepesi lenye sponji na mkasi wa kukata nguo. Torniketi bandia zimejaa mtandaoni kwa robo ya bei, na fimbo yake ya plastiki hukatika unapoizungusha. Ifungue, ikaze pajani mwako hadi mapigo ya mguuni yakome. Inayoinama wakati wa jaribio itakatika wakati wa kazi. Iliyofanyiwa jaribio baki nayo ya mafunzo, na iliyo mpya iende begini. Hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isiwe juu ya kiungo, na saa huandikwa. Haihusiani na nyoka. Aliyeumwa na kifutu au koboko hukalishwa bila kusogea, pete na saa zikavuliwa, na ujumbe wa setilaiti utumwe.

Kizimamoto cha unga hufanya kazi, lakini ndani ya kabini kinakupofusha na kukukaba pumzi. Tafuta cha gesi ya Halon 1211 au mbadala wake ulioidhinishwa kwa ndege.

Joto la Tanga na tarehe za kuisha

Akiba haiozi, wanasema, lakini ya ndani ya ndege iliyoegeshwa juani huoza. Kabini iliyofungwa huweza kupita nyuzi 60. Betri za kawaida huvuja ndani ya tochi, kwa hiyo weka zile za lithiamu zisizochajiwa. Gundi ya plasta huyeyuka, maji ya chupa huwa na ladha ya plastiki, na betri ya kipashio huvimba. Begi litoke na rubani kila jioni. Kinachobaki ndani kiwe kile tu kilichofungwa kwa skrubu.

Chumvi nayo hula zipu, na hula shingo ya mtungi wa jaketi. Mara moja kwa mwaka, au mapema kama kijitabu kinasema hivyo, fungua jaketi na ulipulize kwa mdomo, uliache usiku kucha. Likilegea asubuhi, tazama mikunjo, hapo ndipo linapochanika. Chomoa mtungi na uupime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Uzito wake wa jumla umegongwa kwenye chuma, na ukipungua kwa gramu chache gesi imevuja, utupe. Kuna mitungi iliyokwishatumika inayorudishwa kwenye jaketi kwa bahati mbaya, na kwa macho huwezi kuijua hadi uangalie muhuri wa mdomo kama umetobolewa. Betri ya ELT hubadilishwa kwa tarehe iliyoandikwa juu yake, au ikishatumika kwa jumla ya saa moja.

Kwa uzito: vya mwilini visizidi kilo 2, begi kilo 6 bila maji. Begi hilo la kilo 6 likiachwa huru, kwenye mgongano wa nguvu mara 9 ya mvuto wa dunia linapiga kama kilo 54, kwa hiyo lifungwe kwa mkanda wa kiti kilicho wazi, au chini ya miguu ya abiria, kamba ikapita kwenye mpini.

Kabla ya kuondoka, kuna karatasi moja inayobaki ardhini. Viwanja vingi vidogo tunavyotua havina mnara, na mpango wa safari usiofungwa huweza kukaa tu. Utaratibu wa kimataifa huanza kuwa na shaka dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa, lakini shaka hiyo inahitaji mtu anayekutarajia. Mwachie mmoja asiyesahau, dada, mke au fundi: usajili na rangi ya ndege, majina ya waliomo, njia, muda wa kufika, saa ya kuanza kupiga simu, namba ya waongozaji wa ndege, na ile namba ya herufi na tarakimu 15 iliyoandikwa kwenye PLB yako. Ukifika, mpigie simu kabla hujashusha mizigo.